Mwongozo wa Kutazama Anga la Usiku kutoka Lamu, Agosti 2026 hadi Aprili 2029

Mkazi wa Lamu anayetaka kuanza kutazama nyota kwa utaratibu huuliza kwanza anunue darubini gani, na mara nyingi hukata tamaa pale pale anapotajiwa bei. Kwa maoni yangu darubini ni jambo la mwisho. Kinachoamua zaidi mtu ataona nini ni hesabu tatu ambazo karibu kila nyumba ya kisiwani tayari inazifuata kwa shughuli nyingine: tarehe ya mwezi mwandamo, nyakati za swala, na kujaa na kupwa kwa maji. Kisiwa chenyewe kiko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yake. Mtazamaji wa Ulaya hauoni Msalaba wa Kusini, na yule wa kusini mwa Australia huiona galaksi ya Andromeda ikiwa imejiinamia kwenye upeo wa macho; wa Lamu huviona vyote viwili, kila kimoja kwa msimu wake, bila kuondoka kijiji cha Shela. Saa zote zilizotajwa hapa ni za Kiswahili, kwa majira ya Afrika Mashariki.

Kuchagua usiku

Anza na kalenda ya Hijria, si ile ya ukutani ya Januari hadi Desemba. Mwezi mpevu huzima nyota hafifu zote, na hakuna chombo kitakachozirudisha. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 ya mwezi mwandamo jishughulishe na mwezi wenyewe, au na sayari, ambazo hazidhuriki sana. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na kufikia tarehe 20 tayari una saa mbili tatu za giza kabla haujatokea. Usiku ulio bora kabisa ni kuanzia tarehe 24 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Kumbuka tu kwamba usiku hutangulia mchana wake: usiku wa tarehe 27 ni ule unaoingia kwa magharibi ya tarehe 26, na asiyezingatia hilo atafika ufukweni siku moja baadaye.

Ndani ya usiku, adhana inatosha kuwa saa yako. Jua la Lamu huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika chache, mwezi wa Novemba, na saa kumi na mbili na dakika 40 hivi, mwezi wa Februari, nalo hushuka wima, kwa hiyo mwanga wa jioni hautukawilii kama unavyowakawiliza watu wa nchi za mbali na ikweta. Wakati wa Isha unapoingia, kwa kawaida kama saa moja na dakika kumi baada ya jua kuchwa, giza limekamilika. Adhana ya Alfajiri nayo ndiyo tangazo la mwisho wa kazi, kwa kuwa muda si mrefu baada yake nyota hafifu huanza kufutika mashariki.

Kisha uangalie upepo. Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yenye usiku usio na mawingu mfululizo, na Januari na Februari huwa kavu kuliko miezi yote. Masika huharibu Aprili na Mei, na baadhi ya Juni. Kusi kikishika, Juni hadi Agosti, mawingu hupita kwa vipande na mtazamaji hulazimika kuvumilia. Hata hivyo nisingemshauri mtu alale miezi hiyo, kwa sababu ndiyo ambayo kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi. Wazee wa pwani waliufunga mwaka wao kwa nyota kwa namna hiyo hiyo waliposema, «Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.» Kilimia, kishada kidogo cha nyota, hupotea jioni magharibi mwishoni mwa Aprili na hurudi mashariki alfajiri mwezi wa Juni, na kukithibitisha hicho kwa macho yako mwenyewe ni zoezi zuri la mwaka wa kwanza.

Mahali, na maji

Mjini penyewe taa za ukingo wa bahari zinatosha kuharibu upande wa mashariki, na kaskazini kuna mwanga wa bandari ya Magogoni, bara. Ufuo wa Shela, unaoelekea kusini-magharibi kwa kilomita kama 12, ndio unaofaa: ukishazipita taa za hoteli za mwisho, mashariki na kusini hubaki bahari tupu. Matuta ya mchanga yaliyo nyuma ya ufuo hukinga upepo wa kusi, lakini yasichimbwe wala kuachwa takataka, maana chini yake ndiko kuliko maji matamu yanayonyweshea mji. Kwa kitu kinachotua magharibi, Shela haifai. Nenda Matondoni au Kipungani, vijiji vya upande wa magharibi wa kisiwa, au panda juu ya nyumba ambayo upande huo haukuzibwa na paa la makuti la jirani.

Kabla ya kutandika mkeka ufuoni, fanya hesabu ya maji. Usiku wa giza kuu ndio usiku wa bamvua, kwa kuwa jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na katika pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, hupwa mnamo saa nne hadi saa tano usiku, kisha hujaa tena alfajiri kwenye saa kumi au kumi na moja. Maana yake ni kwamba atakayekwenda Shela mwezi ulipoandama atakuta mchanga mpana na mkavu katikati ya usiku, kisha maji yatamfuata polepole wakati amelala chali akihesabu vimondo. Weka vitu vyako juu ya mstari wa mwani mkavu, ambao ndio alama ya mahali maji ya jioni yalipofika. Tarehe 22 au 23 ya mwezi mwandamo mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne usiku, lakini ni maji mafu, hayapandi sana.

Usiende peke yako, waarifu watu wa nyumbani, chukua kitambulisho, na kama unakusudia kukaa hadi alfajiri mbali na kijiji, ulizia kwanza kama kuna masharti yoyote ya usalama yanayohusu kutembea usiku wakati huo.

Macho, taa na vyombo

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili kufunguka kikamilifu, na mwanga mmoja wa simu huzipoteza zote. Funika tochi kwa tabaka mbili tatu za nailoni nyekundu na kuifunga kwa mpira. Mwanga mwekundu hafifu hauvurugi macho kama mweupe. Kitu hafifu kitazame pembeni kidogo, si moja kwa moja, kwani sehemu za pembeni za jicho ndizo zenye uwezo zaidi gizani. Mwenye simu aweke programu ya ramani ya anga iitwayo Stellarium na kuipa mahali alipo kabla hajaondoka mjini, apunguze mwanga wa kioo hadi mwisho, na aitumie kuthibitisha jambo alilokwisha kuliona, asiitumie badala ya kuangalia.

Chombo cha kwanza kinachostahili fedha ni darubini ya macho mawili, yenye alama ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Manahodha wengi hupendelea 7x50 kwa sababu mikono haitikisi picha sana, na chombo cha baharini kilichotumika, ikiwa vioo vyake ni safi, kinafaa kabisa. Kwa darubini hiyo utaiona miezi minne mikubwa inayoizunguka sayari ya Mushtarii, yaani Io, Europa, Ganymede na Callisto, ambayo Galileo aliigundua Januari 1610. Utaona wingu la nebula katika upanga wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion. Na ndani ya Kilimia, ambapo jicho tupu huhesabu nyota sita au saba, utaona makumi. Pete za sayari ya Zohali ndizo zinazodai darubini ya kusimamishwa, yenye ukuzaji wa mara 30 hivi au zaidi.

Adui wa vioo hapa ni chumvi. Ufukweni, upepo ukivuma, kioo cha mbele hupata utando unaoonekana kama ukungu ukimulikwa kwa pembeni, na ukikaribia zaidi utaona ni chembe za chumvi zilizonasa mchanga mwembamba ukingoni. Ukipangusa kwa ncha ya kanga, mchanga huo ndio utakaokwaruza kioo. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kisha tumia kitambaa cha vioo kilicholowana kidogo kwa maji yaliyotoneshwa, ukipitisha mara moja tu bila kukandamiza, halafu ukihifadhi chombo katika kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.

Kujifunza anga kwa msimu

Usianze na makundi yote. Januari na Februari, baada ya Isha, Jabari yuko juu karibu na utosi, na mkanda wake wa nyota tatu hukaa karibu kabisa juu ya ikweta ya anga. Ufuate mkanda huo kuelekea kusini-mashariki utafika kwenye Shira (Sirius), nyota ing'aayo kuliko zote. Geukia kusini na utaona Suheli (Canopus), ya pili kwa mng'ao, ikiwa nyuzi kama 40 juu ya bahari. Ufuate mkanda upande mwingine utapita jicho jekundu la kundi la Thauri na kuishia Kilimia. Kwa usiku mmoja hiyo inatosha.

Mei na Juni, mawingu yakiruhusu, Msalaba wa Kusini husimama wima kusini kwenye saa mbili hadi saa tatu usiku. Wanaoanza huuchanganya na msalaba wa uongo ulio magharibi yake, ambao ni mkubwa zaidi na hafifu zaidi. Msalaba wa kweli una nyota mbili angavu zinazoufuata upande wa mashariki, na iliyo mbali zaidi ya hizo mbili ni Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuliko mingine yote, umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi. Wakati huo huo geuka kaskazini uone Dubu Mkubwa akining'inia kichwa chini. Nyota zake mbili za ukingoni huelekeza kwenye Jaa, nyota ya kaskazini, lakini Jaa yenyewe haitaonekana, kwa kuwa kutoka Lamu imezama chini ya upeo. Nahodha aliyepanda kwenda Arabuni kwa kusi alianza kuiona baada tu ya kuivuka ikweta na kusogea mbele kidogo.

Kitu kimoja ambacho watazamaji wa nchi za mbali hutuonea wivu, na sisi tunakipita bila kukiangalia, ni alfajiri ya uongo. Kabla ya alfajiri ya kweli, mwanga mweupe hafifu hupanda wima kutoka mashariki, mpana chini na mwembamba juu, ambao wanazuoni waliufananisha na mkia wa mbwamwitu na wakaonya kwamba hauingizi wakati wa swala. Ni mwanga wa jua unaogonga vumbi lililotawanyika katika bapa la njia za sayari, na kwa kuwa karibu na ikweta bapa hilo husimama takriban wima, hapa huonekana vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Utafute mwishoni mwa mwezi mwandamo, kama saa moja na nusu kabla ya jua kuchomoza, mahali pasipo taa. Alfajiri ya kweli, ikija, hutanda kwa upana kando ya upeo wote.

Yanayokuja

Agosti na Septemba 2026 sayari ya Zuhura inawaka upande wa magharibi baada ya swala ya Magharibi. Mwishoni mwa Septemba darubini ndogo itaionyesha ikiwa hilali nyembamba, lakini usubiri jua lichwe kabisa kabla ya kuinua chombo upande huo. Itapotea Oktoba na kuzuka mashariki alfajiri mwezi wa Novemba. Zohali itakuwa mkabala na jua tarehe 4 Oktoba 2026, maana yake itachomoza jua likichwa na kubaki angani usiku kucha.

Alfajiri ya Ijumaa, 28 Agosti 2026, mwezi utapatwa. Kivuli cheusi kitaanza kuuma saa kumi na moja na dakika 34, na mwezi utatua kwetu ukiwa umefunikwa takriban nusu, kabla ya kilele ambacho watu wa magharibi mwa Afrika na wa Amerika ndio watakaokiona. Hili ni tukio la Matondoni, au la juu ya nyumba.

Ikiwa utatenga usiku mmoja tu kwa vimondo, utenge wa kuamkia Jumatatu, 14 Desemba 2026. Vimondo vya kundi la Jauza (Gemini), vinavyotokana na mabaki ya asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, iitwayo Phaethon, ndivyo vingi na vya kutegemewa kuliko vyote, na mwaka huo mwezi mchanga utatua kabla ya saa tano usiku. Eneo vinakoonekana kutokea hupanda juu zaidi kwenye saa nane usiku, nyuzi 55 hivi upande wa kaskazini. Lala chali, usiangalie eneo lenyewe bali pembeni yake, na ukae angalau saa nzima; vimondo havigawanyi muda sawasawa, na anayetoka kwa dakika kumi huenda asipate hata kimoja. Vile vya Agosti vinavyosifiwa sana Ulaya hutokea mbali kaskazini, kwetu ni vichache, na sioni sababu ya kukesha kwa ajili yake wakati wa kusi.

Februari 2027 ndiyo ninayoisubiri zaidi. Mushtarii na Mirihi, ambazo zitakuwa zimekaribiana sana alfajiri za katikati ya Novemba 2026, zitakuwa zote katika kundi la Asadi, moja mkabala na jua tarehe 10, nyingine tarehe 19, katikati ya kaskazi. Mwezi utakuwa mpya tarehe 6, na Ramadhani ya 1448 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8, kutegemea mwandamo. Kwa hiyo atakayetoka tarawehe ataziona sayari hizo mbili mashariki, na atakayeamka kula daku atazikuta magharibi. Mirihi haitakuwa kubwa safari hii, kwa kuwa mkabala huo unaangukia sehemu ya mbali ya njia yake. Rangi yake nyekundu kando ya weupe wa Mushtarii ndiyo ya kutazamwa.

Mchana wa Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Njia ya kupatwa kikamilifu itapita Luxor, Makka na ncha ya kaskazini ya Somalia, na Lamu tutapata sehemu tu. Hapa sheria ni moja: miwani maalumu ya jua yenye alama ya ISO 12312-2, au usitazame. Miwani ya kawaida, filamu ya picha ya eksirei na ndoo ya maji havifai.

Kupatwa kwa mwezi kunakoonekana vizuri kwetu kutarudi tarehe 6 Julai 2028, saa tatu na dakika 20 usiku, ambapo zaidi kidogo ya thuluthi ya mwezi itafunikwa. Lakini kikubwa ni cha jioni ya Jumapili, 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza juu ya kisiwa cha Manda ukiwa tayari umeanza kuumwa, utaingia kivulini wote saa moja na dakika 16 usiku, na utaanza kutoka saa mbili na dakika 28. Hakuna haja ya kwenda mbali. Ukingo wa bahari mjini unatosha, pamoja na watoto. Andika rangi yake kila dakika kumi, kama ni ya shaba, ya damu au ya kijivu, maana mwanga unaoufikia mwezi wakati huo umepita katika angahewa ya dunia na huchukua rangi kulingana na vumbi na mawingu yaliyomo. Mwezi ukishakuwa mwekundu, nyota zilizokuwa zimezimwa hutokea, Kilimia miongoni mwazo.

Mwisho ni Apophis. Usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, asteroidi hii yenye upana wa mamia ya mita itapita kilomita takriban 32,000 tu kutoka uso wa dunia, chini ya mzunguko wa satelaiti za mawasiliano, bila kutugonga. Itaonekana kwa macho matupu Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi kama nyota ya wastani inayotembea, na itakuwa karibu kabisa nasi saa sita na dakika 46 usiku, tukiuamkia Jumamosi. Mwezi utakuwa mpya usiku huo huo. Hofu pekee ni mawingu ya mwanzo wa masika, kwa hiyo usitegemee sehemu moja: kuwa tayari kuhama kulingana na anga la jioni hiyo. Wiki moja kabla, pakia upya data za asteroidi katika programu yako, kwa sababu njia yake angani hutofautiana na mahali ulipo, chagua nyota mbili angavu itakazopita katikati yake, na uanze kuangalia kuanzia Isha. Mwanzoni mwendo wake utautambua kwa kulinganisha na nyota hizo kila baada ya dakika chache. Ikikaribia kilele itaweza kuvuka upana wa mwezi mpevu kwa muda wa dakika moja hivi, na hapo darubini ya macho mawili itakuwa kikwazo zaidi kuliko msaada.